Pua Mbili za Pikapu Yetu

Magarama, Gitega

Mwanangu Zuhura,

Salamu nakupa kwa kifupi, maana nyingine zote nimekwisha kukupa mezani: sisi huku tu wazima, na Mola akutangulie njia nzima hadi Muyinga, unakokwenda na shangazi yako kufanya kazi sokoni. Barua hii nimeificha chini ya godoro la pikapu mtakamolala, upande wa kichwani. Nimefanya makusudi. Nilikufundisha kwamba godoro la garini huinuliwa kila asubuhi ili lipigwe na hewa kwa chini, na ninataka kujua kama ulinisikia. Ukiikuta kavu, ulinisikia. Ukiikuta imelowa na wino umesambaa, hutaweza kulisoma karipio langu, na hiyo itakuwa bahati yako.

Mambo ya mafuta, permi yako ya udereva, karatasi za gari na simu za ndugu, mama yako ameyasema kuliko inavyohitajika. Mambo ya wanaume wa sokoni shangazi yako Mwajuma atayasema njia nzima mpaka Karuzi, na baada ya Karuzi ataanza upya. Mimi nimebaki na jambo moja tu, la paa. Ila ndani ya jambo hilo yumo mtu, na ndiyo maana nimeshindwa kukuambia kwa mdomo.

Unanijua nilivyo. Mtaani wananiita Juma Macho, na si kwa uzuri wa macho yangu. Nikifunga duka narudi kuvuta kufuli. Nikiwa nimefika msikitini nawaza kama nililivuta kweli. Mtu akinisalimia kwa furaha kuliko jana, najiuliza anataka nini. Mama yako husema hata kivuli changu nakiuliza kinatoka wapi. Umecheka sana juu ya tabia hiyo, na mimi nimekuacha ucheke, kwa sababu ulikuwa hujui ilichokula.

Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba niliona.

Mwezi uliopita ulikwenda na pikapu Muyinga kutafuta mahali pa kuegesha sokoni. Uliporudi, ule mkono wa chuma wa kuinulia paa, uliokuwa unakwama, ulikuwa umepona. Ulisema fundi mmoja wa huko ameuchomelea. Nikakuuliza fundi gani, ukasema fundi tu, mzee mmoja, hata hakutaka kulipwa. Ukaingia ndani haraka kutawadha. Zuhura, fundi anayekataa malipo ya mtu asiyemjua hajazaliwa bado. Ulipokuwa unasali alasiri nilipanda juu ya gari nikautazama mkono ule kwa karibu.

Kila fundi wa kuchomelea ana mkono wake, kama kila mshonaji alivyo na wake. Mimi nikiona mshono wa suruali najua kama ni wa kwangu au wa jirani. Na yupo mtu mmoja ambaye, akifika mwisho wa chuma, haachi palepale. Hurudi nyuma kidogo, kipande cha ukucha, ndipo aondoe moto. Nilimwona akifanya hivyo kwa miaka, na alama hiyo ilikuwepo kwenye mkono ule. Niliteremka garini, nikaketi kwenye benchi la duka, na mteja aliyekuja kuchukua suruali yake nikamrudisha bila sababu.

Sikukuuliza. Nilingoja useme mwenyewe, nawe hukusema. Nikaanza kufanya kazi niliyoizoea: amemwambia nini mwanangu? Kwa nini mtoto anaficha? Wamekubaliana nini? Nimekula na swali hilo na kulala nalo mwezi mzima. Sasa nimechoka kulilisha. Kama Nestori, huyo fundi wako mzee, amekusimulia, basi usikie na upande wangu. Na kama hakukusimulia, ambavyo ndivyo ninavyoanza kuamini, basi itabidi nikusimulie mimi, na hiyo ni mbaya zaidi kwangu.

Labda unamkumbuka. Ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi. Alikuwa akikuletea maparachichi kutoka Bukirasazi, yamefungwa kwenye majani ya migomba, nawe ulimcheka anavyosema Kiswahili chake kilichonyooka. Alikulia Tanzania, kambini, wazazi wake walikimbilia huko. Aliporudi kijijini, kwenye mlima wa baba yake Bukirasazi, alikuta shamba limebaki kipande, na binamu zake wamekaa juu ya kipande hicho. Hakugombana nao. Alikuja mjini na mashine ya kuchomelea, akaniomba pembe ya uwanja wangu afanyie kazi. Nikampa, na wiki ya kwanza yote nilihesabu sindano zangu kila jioni.

Wazo la pikapu lilikuwa lake, ushonaji wa turubai ulikuwa wangu. Aliunda paa la bati linaloinuka kwa mikono minne ya chuma, mimi nikashona kuta za turubai zinazofunguka paa likipanda na kujikunja likishuka. Ndani tuliweka vyerehani viwili, rafu ya vitambaa, na ubao wa kulalia. Tulikuwa tunashona sare za wanafunzi kule Muyinga, tunalala humohumo ili tulinde mali. Ijumaa mimi nikienda kusali yeye analinda gari, Jumapili yeye akienda kanisani nalinda mimi. Ni mpango mzuri kwa watu wa dini mbili. Ila kila Ijumaa nikirudi kutoka msikitini nilikuwa navihesabu vitambaa kabla ya kukaa. Yeye aliona.

Sasa sikiliza habari ya paa, maana hapa ndipo penye kosa.

Nestori alitoboa matundu mawili kwenye kuta za turubai. Moja chini, karibu na mlango wa nyuma. La pili juu kabisa, mbele, chini ya ukingo wa paa. Kila moja upana wa kiganja, na juu yake wavu. Nilimwuliza ya nini. Akasema hewa baridi iingie kwa chini, hewa iliyochoka itoke kwa juu. "Hizi ni pua za gari, Juma," aliniambia. "Hata ng'ombe ukimfunga pua hafiki asubuhi."

Mimi sikuona pua. Niliona tundu la kupitisha mkono, na tundu lile la chini lilikuwa usawa wa rafu ya vitambaa. Nikajiuliza: mtu anayelala ndani, kwa nini atake tundu la kiganja pembeni mwa mali? Atampitishia nani nini? Tena wakati ule sokoni walikuwepo vijana wanaochana maturubai kwa wembe. Nikachukua vipande vya turubai nzito nikayashonea matundu yote mawili, uzi mara mbili, kwa ndani na kwa nje. Nestori aliporudi akakuta gari halina pua. Aliyatazama, akasema tutaona. Neno hilo "tutaona" nalo nililiweka kwenye hesabu yangu.

Kiangazi kikaingia. Unaijua Muyinga ya kiangazi: mchana vumbi, usiku mbingu tupu na baridi ya kuuma masikio. Hakuna tone la mvua. Na asubuhi moja niliamka nikakuta maji yananidondokea kwenye paji la uso. Nikagusa bati, limelowa lote. Mikono ya chuma ya paa inatiririka. Godoro kwa chini limeshika unyevu. Nikafuta. Asubuhi iliyofuata yakawa vilevile, na iliyofuata.

Mtu mwingine angesema paa linavuja. Mimi nilikuwa mwerevu kupita hapo. Nilisema: paa huvuja wakati wa mvua, na mvua haipo. Maji hayana miguu. Kama hayakutoka mbinguni, basi yametoka kwenye mkono wa mtu. Mlango naufunga mimi, ufunguo nalala nao. Ndani tupo wawili. Unaona mwenyewe jinsi hesabu ilivyokaa vizuri. Hakuna mahali ilipokosea isipokuwa mwanzo.

Nikaanza kumvizia. Nilijifanya nakoroma. Nilinusa dumu la maji kabla ya kulala na baada ya kuamka, kana kwamba maji yana harufu ya mwizi. Niliweka alama kwa chaki ndani ya ndoo. Maji ya ndoo hayakupungua, na mimi, badala ya kuona kwamba mtu yule hana hatia, niliona kwamba ni mjanja.

Ndipo sare zikaharibika. Zilikuwa zimekunjwa kwenye rafu ya juu, chini kabisa ya bati, tayari kwa shule kufunguliwa. Nilipozikunjua zilikuwa na madoa meusi ya kuvu kwenye mikunjo yote na zinanuka kama kitambaa cha kudekia. Wazazi walikuja kuzichukua wakazikataa, na walikuwa na haki. Nikamgeukia Nestori pale pale sokoni, mbele ya wazazi wale na mbele ya wauza mboga. Nikasema humu ndani tuko wawili na mimi sikumwaga maji. Nikasema anataka kazi ife ili abaki na gari, kwa kuwa paa kaliunda yeye. Nikasema watu waliorudi kutoka nje hurudi na njaa ya vitu vya wenzao. Hilo la mwisho, Zuhura, nilijua ni uongo wakati linatoka.

Hakupandisha sauti. Aliweka chini koleo alilokuwa ameshika.

"Juma," alisema, "nimelala ubavuni mwako siku zote hizi, na wewe hujawahi kulala."

Usiku ule alilala chini, nje, kwenye gunia. Asubuhi akachemsha chai kama siku zote, nje ya gari. Hapa inabidi nikukumbushe kitu unachokijua lakini labda hukukiwaza. Kwetu Burundi anayempa mwenzake kinywaji huonja kwanza. Ni adabu ya zamani ya kumwonyesha mgeni kwamba ndani hamna kitu. Nestori hakulelewa hivyo, kambini hawakuwa na nafasi ya adabu za namna ile. Alijifunza hapa, kwa ajili yangu, baada ya kuona ninavyokiangalia kikombe kabla ya kunywa. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa akimimina, anaonja, ndipo ananipa. Hakuna aliyemwomba.

Asubuhi ile alimimina, akaonja, akaninyooshea. Nikakipokea kikombe nikaimwaga chai chini mbele ya miguu yake.

Alikusanya mashine yake, kofia yake ya kuchomelea, na nguo zake. Paa aliliacha. Angeweza kulikata kwa dakika chache, chuma kilikuwa chake. Nilimvizia hata hapo, nikidhani atalikata.

Baada ya hapo nikawa nakwenda Muyinga peke yangu. Na maji yakaendelea. Yalipungua kidogo, kwa kuwa ndani ilibaki pumzi moja badala ya mbili, lakini mimi nilisema ameacha tundu la siri mahali fulani ili kunikomoa. Nikafunika kuta zote kwa nailoni ndani. Maji yakazidi. Gari likawa baridi na lenye unyevu kiasi kwamba jioni moja niliingiza imbabura, jiko letu la mkaa, ndani nipate joto, nikafunga mlango, nikalala.

Wanawake wa mboga walifika alfajiri wakagonga nisogeze gari, kwa kuwa nilikuwa nimelala mahali pao. Hawakujibiwa. Walivunja kitasa wakanivuta miguu. Nilipofungua macho nilikuwa chali kwenye udongo, kichwa kinataka kupasuka kwa sumu ya mkaa, natapika, na kitu cha kwanza nilichofanya, mwanangu, ni kupapasa mfuko kuona kama wameniibia. Mmoja wao aliona mkono wangu unapokwenda. Mpaka leo nikikumbuka uso wake naona haya.

Mama yako alikuja Muyinga kunichukua. Aliingia garini, akatazama bati linavyotona, akatazama nailoni, akatazama matundu niliyoyashonea. Hakuchukua muda. "We Juma, hii maji iko kama ya kifuniko ya sufuria," alisema. "Ni mvuke yenu tu. We unafunga kila kitu, donc pumzi itaenda wapi?"

Sikumwamini. Nilimshuku anamtetea Nestori. Ndiyo, hata yeye. Lakini neno la kifuniko lilinikwama. Tukarudi nyumbani, na mvua za kwanza zilipoanza nikaliegesha gari uani, tupu, limefungwa, mvua ikalipiga hadi asubuhi. Nikafungua: ndani kavu kabisa. Paa la Nestori halikuingiza hata tone. Nikangoja siku isiyo na mvua, nikalala ndani peke yangu, ufunguo shingoni, kila kitu kimefungwa. Asubuhi bati lilikuwa linatona. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumshika shati. Maji niliyoyatafutia mwizi yalikuwa yanatoka mdomoni mwangu nikiwa nimelala. Na matundu yaliyowekwa ili mvuke huo utoke niliyafunga mwenyewe, kwa kuogopa wezi.

Siku hiyohiyo nilifumua vile vipande. Nikalala tena, tundu la chini wazi na la juu wazi, na asubuhi nilikuta unyevu kidogo kwenye chuma, wa kufuta kwa kitambaa basi. Baadaye nikabandika sponji nyembamba chini ya bati, imekazwa bila kuacha nafasi, ili pumzi ya joto isikutane na bati la baridi. Nikapanga fito chini ya godoro. Hayo yote unayaona garini na unayajua, nimekuonyesha, nikasema ni mambo ya ufundi. Sikukuambia kila moja lilinigharimu nini.

Utauliza kwa nini sikwenda kumwomba radhi. Nilikwenda. Nilikuwa nimesikia kwamba amehamia Muyinga na amefungua kibanda. Nikavaa kanzu safi, nikachukua gari la abiria, nikafika mpaka ng'ambo ya barabara mbele ya kibanda chake. Alikuwa na watu wawili, anawasimulia kitu, na wote watatu wakacheka. Nikasema: ananicheka mimi. Anawasimulia chai. Nikageuka nikarudi Gitega na mama yako nikamwambia sikumkuta. Mtu alikuwa anacheka mbele ya kibanda chake, Zuhura, pengine habari ya mbuzi, na mimi nikaigeuza ikawa yangu.

Miaka imepita hivyo. Na sasa wewe umelipeleka gari mikononi mwake. Alilijua lilipoingia tu, nani asiyejua kazi ya mkono wake? Alipanda kuchomelea, akayaona matundu yako wazi, wavu mpya, nyuzi zimefumuliwa. Wewe hukuona alichokiona. Alijua siku ile kwamba nilikwisha kujua. Kwamba ninajua kwa miaka, na sikuvuka barabara. Pamoja na hayo aliuchomelea mkono ule vizuri kabisa na akakataa malipo ya binti yangu.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hayo yote baba yako amekuwa mtu mwingine. Lakini lipo la wiki iliyopita. Ulipokwenda Mushasha kuaga walimu wako, niliingia garini nikawaza: watu wawili wanawake, sokoni, usiku, turubai tu kati yao na dunia. Nikawaza wembe. Nikawaza mkono unaoingia kwenye tundu la kiganja kutafuta kitasa. Nikachukua sindano kubwa na uzi uliopakwa nta, nikayashonea matundu yote mawili tena. Kwa ndani na kwa nje. Nilifanya kazi nzuri sana, hukuona hata wewe.

Leo jioni shangazi yako alikuwa anapanga mizigo. Nikaona anaingiza imbabura ndogo chini ya kitanda cha gari. Nikamwuliza ya nini. "Mi miguu yangu iko baridi kila usiku," akasema, "nitaiweka ndani kidogo tu, kisha tunafunga muzuri." Alisema hivyo kwa upole, akaendelea kufunga mafurushi. Nilisimama pale na miguu yangu ndiyo iliyopata baridi. Niliona wanawake wa mboga wanagonga, na hakuna anayejibu, na aliye ndani si mimi.

Imbabura nimeitoa, nimeifungia dukani, na shangazi yako amenuna. Nimempa blanketi langu na soksi za sufu. Usimwonee huruma. Moto haulali ndani ya gari hata kama matundu yako wazi, hata akilia. Chai ichemshwe nje, nguo mbichi zikauke nje, na mkiamka mfute chuma kabla ya kushusha paa. Turubai ikikunjwa na unyevu wake inaoza kimyakimya, kwa hiyo mkilazimika kusafiri nayo mbichi, mkifika tu mwinue paa. Basi, nimekuhubiria kuliko nilivyoahidi.

Halafu nikachukua wembe. Wembe uleule ninaouogopa kwa wenzangu. Nimefumua uzi wote, tundu la chini na tundu la juu, na vipande vya turubai nimevitupa mahali ambapo sitavipata nikizinduka na wasiwasi. Vidole vimeniuma, maana nilishona kwa nguvu. Mama yako alinimulikia taa mpaka uzi wa mwisho. Wavu ninaoweka sasa ni wa chuma, hauchaniki kirahisi. Hiyo ndiyo hofu yangu niliyoibakiza, iruhusu.

Utalala na pua mbili wazi kwenye soko la watu usiowajua. Sikudanganyi kwamba hakuna wezi. Wapo, na mmoja wao pengine atakutazama vibaya, na utafanya vizuri kumtazama vibaya pia. Macho nimekupa, yatumie. Lakini ukiona maji asubuhi, anza kwa kutazama mdomo wako kabla ya mkono wa aliyelala karibu nawe. Mimi nilianza upande mwingine.

Bado nashuku. Nashuku kwamba Nestori atakataa salamu zangu. Nashuku kwamba akizikubali, atakuwa amekubali kwa ajili yako. Nashuku hata yule kijana wa kuuza vocha anayekuja dukani kununua uzi kila siku na haonekani kumiliki nguo iliyochanika, na najua wewe unajua ninayemsema. Lakini kwa Nestori naomba unifanyie kitu kimoja, kwa sababu mimi nimeshindwa kuvuka barabara.

Ukimaliza kusoma, mwende kumsalimia, wewe na shangazi. Usimpelekee maneno yangu, ameyasikia ya kutosha. Mpe yale maparachichi niliyoyafunga kwa majani ya migomba, yapo nyuma ya kiti. Atachemsha chai, namjua. Ataimimina, na atakileta kikombe mdomoni mwake kwanza, kwa mazoea aliyoyapata kwangu.

Usimsubiri aonje, mwanangu. Nyoosha mkono, ukichukue kabla hakijamfikia, na unywe.

Baba yako,
Juma